Kompyuta inasema tuta letu litaliwa mita 6: tuamini?

Swali: "Assalaam aleykum Maalim. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira katika shehia moja ya upande wa Jambiani. Mwekezaji tunayepakana naye alileta mtaalamu wake, akatuonesha ramani za rangi zilizotoka kwenye kompyuta. Anasema ikija dhoruba kubwa, tuta la mchanga lililo mbele ya minazi yetu litarudi nyuma mita 6 kwa usiku mmoja, kwa hiyo hapana budi ujengwe ukuta. Wazee wanasema mchanga huu huenda na hurudi tangu enzi za mababu. Vijana wanasema kompyuta haikosei. Je, kompyuta inajuaje? Na sisi ambao hatukusoma hesabu hizo tumuulize nini?"

Waaleykum salaam, Mjumbe.

Mita 6 inaweza kuwa namba nzuri, na inaweza kuwa namba ya bure kabisa. Kwa kusimuliwa ramani siwezi kuamua. Lakini najua pa kutazama, na kwa pwani yenu pa kutazama kwanza si ukubwa wa dhoruba. Ni kina cha maji ambacho mtaalamu huyo amekiweka juu ya mwamba wa matumbawe ulio mbele ya ufukwe wenu, na kimekaa hapo kwa muda gani. Tuta lenu huponea hapo au huliwa hapo, na ndipo modeli, yaani hesabu hizo za kompyuta, zilizobuniwa kwa pwani za wenzetu zinapojikwaa zikiletwa kwetu.

Tuanze na kompyuta inavyofanya kazi. Mtaalamu huikata pwani vipande, kuanzia maji makuu nje ya mwamba hadi nyuma ya minazi. Karibu na tuta kipande kinaweza kuwa na upana wa mita moja au mbili, huko nje mita kumi au ishirini. Kila kipande kina kimo chake, maji yake na mchanga wake. Halafu kila sekunde, au chini ya hapo, kompyuta hufunga hesabu ya kila kipande kama daftari la duka: maji gani yameingia, yapi yametoka, mchanga kiasi gani umechukuliwa na kiasi gani umeachwa. Ukitoka mwingi kuliko ulioingia, kipande kinashuka. Dhoruba ya saa 12 ina sekunde 43,200, basi hebu fikiria wingi wa hesabu hizo. Uaguzi haumo, ila hakuna pia namba itakayotoka humo bila ya kutegemea zile zilizoingizwa mwanzo.

Programu inayotumika sana kwa kazi hii huitwa XBeach, na sitashangaa ikiwa ndiyo iliyotoa ramani zenu. Ilianzishwa katikati ya miaka ya 2000, baada ya vimbunga vya 2004 na 2005 kuziharibu pwani za Marekani. Wahandisi wa jeshi la nchi hiyo walitoa fedha, na Dano Roelvink wa Uholanzi na wenzake wakaiandika; makala yao ya msingi ilitoka 2009. Waholanzi wana sababu ya kuyajua matuta ya mchanga kuliko watu wengi: karibu robo ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari, na mafuriko ya 1953 yaliua watu zaidi ya 1,800. Programu yenyewe ni ya bure na msimbo wake uko wazi, kwa hiyo mtu asikutisheni kwamba ni siri ya kampuni.

Uzuri wa XBeach uko katika mambo mawili. La kwanza ni mawimbi marefu. Ukisimama ufukweni wakati wa kusi kali utaona mawimbi hayaji sawasawa. Huja makubwa matano sita mfululizo, kisha bahari hutulia kidogo, kisha kundi jingine. Makundi hayo huyasukuma maji na kuzaa wimbi jingine refu, ambalo jicho halilioni kwa urahisi, linalochukua nusu dakika hadi dakika kadhaa kupanda na kushuka. Mawimbi mafupi huvunjika na kuishiwa nguvu mbali na ufukwe. Hili refu hufika. Hulinyanyua tabaka zima la maji hadi mguuni mwa tuta, mahali ambapo wimbi la kawaida lisingefika, na likirudi huondoka na mchanga. Modeli za zamani ziliyakosa mawimbi haya, ndiyo maana zilihitaji kurekebishwa kwa mkono kwa kila pwani.

La pili ni kuporomoka. Tuta halipungui taratibu kama sabuni. Maji huchimba mguu, uso wa tuta ukabaki umesimama wima, kisha kipande kizima kinaanguka. Kwa vipimo vya kawaida vya programu, mchanga mkavu ukisimama kwa mteremko unaozidi nyuzi 45, au mchanga uliofunikwa na maji ukizidi kupanda mita 3 kwa kila mita 10, huangushwa mpaka utulie. Ni kanuni butu, lakini inafanya kazi vizuri kuliko unavyotarajia. Isichokijua ni mizizi. Tuta lililoshikwa na mivinje na majani yatambaayo hugeuzwa kuwa rundo la mchanga mtupu, isipokuwa mtu amejitahidi kuiambia programu vinginevyo.

Sasa turudi kwetu.

Neno dhoruba huwapeleka watu kwenye vimbunga. Vimbunga tunavijua: kile cha Aprili 1872 kilizamisha majahazi ya Sayyid Barghash na kuing'oa mikarafuu ya Unguja, na Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia. Lakini tuko karibu mno na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauupi upepo msokoto wa kutosha, na kimbunga kinachotufikia kwa nguvu zake zote ni jambo la nadra sana. Kinachoila pwani ya mashariki ya Unguja mwaka hadi mwaka ni kukutana kwa mambo ya kawaida: upepo wa kusi, mawimbi ya mbali yaliyozaliwa na dhoruba za kusini mwa Bahari ya Hindi, na bamvua kubwa, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Bamvua kubwa za mwaka huangukia karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta. Kusi nayo huanza kushika Aprili. Wavuvi wenu hawahitaji kompyuta kuwaambia kwamba wiki hizo ni za kutazamwa.

Na kuna mwamba. Pwani za Uholanzi, na nyingi za zile za Marekani zilizopimiwa modeli hizi, ni mchanga mtupu kutoka tuta hadi maji makuu. Wimbi linakuja moja kwa moja. Kwenu wimbi linakutana na mwamba mbali kabisa na ufukwe, linavunjika pale, na kinachoingia ndani ni kile tu ambacho kina cha maji kimekiruhusu. Wimbi likipita juu ya mwamba haliwezi kubaki na kimo kinachozidi takriban nusu ya kina cha maji yaliyopo hapo. Nje linaweza kuwa mita 3 au mita 5, ndani halileti tofauti kubwa kiasi hicho.

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa ajili ya hesabu tu. Siku ya maji mafu, maji yakijaa, tuseme juu ya mwamba kuna mita 1.2. Wimbi linaloingia litakuwa kama sentimita 60. Siku ya bamvua, tuseme kuna mita 2.2, na wimbi linaloingia ni mita 1.1. Nguvu ya wimbi hukua kwa mraba wa kimo chake, kwa hiyo ongezeko hilo la mita moja ya maji linaingiza nguvu zaidi ya mara tatu. Hapo hatujaugusa upepo. Hatujaigusa bahari ya nje. Ni mwezi tu umebadilika.

Juu ya hilo, mawimbi yakivunjika mwambani huyasukuma maji ndani na kuyainua, kwa hiyo usawa wa maji ufukweni unakuwa juu kuliko ule ulioandikwa kwenye jedwali la kupwa na kujaa. Na yale mawimbi marefu niliyoyataja hupenya mwamba kwa urahisi kuliko mafupi. Kwa pwani yenye mwamba, wakati wa bamvua, hayo ndiyo yanayogonga mlango. Mtu akikwambieni ametumia kanuni rahisi ya kukadiria maji yatapanda wapi, ile inayotaka vipimo vya wimbi la bahari kuu na mteremko wa ufukwe peke yake, mwambieni kanuni hiyo ilitokana na vipimo vya fukwe za mchanga zilizo wazi, na kwenu kuna ukuta wa matumbawe katikati.

Ndiyo maana swali la kwanza nawaombeni muulize hivi: katika modeli yako, maji yalipanda na kushuka, au yaliganda juu? Kwetu tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Maji yakipwa, kina mama wanatembea kwa miguu hadi kwenye mashamba ya mwani, na wimbi la nje halina njia ya kufika kwenye tuta hata bahari ikiwa imechafuka vipi. Dhoruba ya siku nzima inapata saa mbili tatu za kulishambulia tuta, kisha inasubiri kujaa kwingine. Nimeona ripoti ambazo usawa wa bamvua uliwekwa pale juu na kuachwa saa 12 au 24 bila kushuka. Jibu linalotoka hapo ni kubwa mara kadhaa kuliko linavyostahili, na mtu anayetaka kujenga hatakuwa na haraka ya kulisahihisha.

Kosa la pili linalofanana na hilo ni la sifuri. Jedwali la bandari hupima maji kuanzia usawa wa chini kabisa wa kupwa. Ramani za nchi kavu hupima vimo kuanzia usawa wa wastani wa bahari. Kwetu sifuri hizo mbili zimepishana karibu mita 2. Ukiichukua namba ya jedwali na kuibandika kwenye ramani ya nchi kavu bila kuibadilisha, umelizamisha tuta kabla wimbi la kwanza halijafika. Ni kosa la kitoto, na hutokea kwa watu wenye shahada kubwa. Mwombeni aandike wazi sifuri yake ni ipi.

Yapo na mengine ya kuulizia, ingawa si yote yenye uzito sawa. Kina cha maji ndani ya mwamba alikipata wapi? Ramani ya bure ya sakafu ya bahari ya dunia nzima, GEBCO, ina vipande vya karibu mita 460 kila kimoja. Eneo lote kutoka ufukweni hadi mwambani linaweza kuwa vipande vitatu vinne tu, na mwamba wenyewe ukapotea katikati yao. Hapo hakuna modeli, kuna picha. Kina cha ndani lazima kipimwe, kwa boti na kipimasauti, au kwa picha za satelaiti zilizosahihishwa kwa vipimo vya hapo hapo, jambo linalowezekana kwa maji yetu maangavu. Vimo vya nchi kavu ni rahisi zaidi, kwa sababu mradi wa ramani za droni ulioanza 2016 ulipita Unguja na Pemba.

Mawimbi ya nje mara nyingi huchukuliwa kutoka kumbukumbu ya hali ya hewa iitwayo ERA5. Ni kazi nzuri, inarudi nyuma hadi 1940, lakini kipande chake kimoja cha mawimbi kina upana wa kilomita 55 hivi, na Unguja nzima ina urefu wa kilomita 85. Kwa hiyo kati ya ERA5 na XBeach huwekwa programu ya kati, kwa mfano SWAN, ya kuyaleta mawimbi hadi mbele ya mwamba. Kama aliruka hatua hiyo, aseme kwa nini.

Mchanga wetu ni jambo ambalo sichoki kulisema. Programu hizi huja zikidhani mchanga ni punje za mviringo za jiwe gumu, kama za mito ya Ulaya. Wa kwenu ni vipande vya matumbawe, makombe na mimea ya bahari yenye chokaa. Vingine bapa kama magamba, vingine vina vitundu ndani. Punje kama hiyo huzama polepole kuliko punje ya jiwe yenye ukubwa uleule, hivyo hukaa majini muda mrefu na kubebwa mbali. Ukipima ukubwa wa punje kwa chekecheo tu, bila kupima zinavyozama katika bomba la maji, unaweza kuufanya mmomonyoko uonekane mdogo kuliko ulivyo. Naona haki kulitaja hili pia, Mjumbe, kwa sababu makosa hayaegemei upande mmoja. Maji yaliyoganda juu hukuza namba. Mchanga wa kigeni unaweza kuipunguza.

Kisha kuna jiwe. Sehemu nyingi za mashariki mchanga ni tabaka jembamba juu ya mawe ya matumbawe ya kale. Modeli isipoambiwa jiwe liko wapi itachimba chini bila kikomo. Mnaweza kulijua wenyewe kwa nondo na nyundo: mchome mguuni mwa tuta, kila baada ya hatua kumi, mwandike nondo imekwama kwa kina gani. Ni kazi ya asubuhi moja.

Na hiyo "dhoruba kubwa" ni ipi? Wahandisi hupenda kusema dhoruba ya miaka 100, na watu hudhani itakuja mara moja kisha wajukuu wapumzike. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1. Katika miaka 30, umri wa nyumba ya kawaida, uwezekano wa kukutana nayo angalau mara moja ni kama asilimia 26. Kwetu kuna ugumu wa ziada: kinachodhuru si dhoruba peke yake, ni dhoruba iliyokutana na bamvua. Kwa hiyo namba moja ya mita 6 haitoshi. Anatakiwa aikimbize modeli, yaani aiendeshe upya, mara nyingi, kwa mawimbi tofauti na maji tofauti, akupeni fungu la majibu: mara nyingi tuta halikuguswa, mara kadhaa lilipoteza mita mbili tatu, mara chache lilipoteza zaidi. Na aseme mita hizo zimepimwa wapi, mguuni au ukingoni juu, maana si kitu kimoja.

Mmarekani Asbury Sallenger aliandika mwaka 2000 namna nzuri ya kuyapanga majibu haya, na kamati inaweza kuitumia bila hesabu. Hatua ya kwanza, maji yanacheza ufukweni tu, chini ya mguu wa tuta. Ya pili, yanalipiga tuta. Ya tatu, yanaruka juu yake. Ya nne, tuta liko chini ya maji moja kwa moja. Mwombeni awaambie kila mkimbio uliishia hatua gani. Mtaalamu anayejua kazi yake atalijibu hilo papo hapo.

Wazee wenu wana hoja nzito. XBeach ni modeli ya saa na siku. Inajua kuondoa mchanga. Kuurudisha, hasa ule unaopandishwa polepole na mawimbi madogo na upepo, haiwezi vyema. Kusi huusukuma mchanga kuelekea kaskazini, na upepo wa kaskazi ukishika, sehemu yake hurudishwa. Namba ya usiku mmoja haisemi chochote kuhusu miezi sita inayofuata. Lakini wazee nao wasilale. Bahari ya dunia imepanda wastani wa zaidi ya milimita 3 kwa mwaka tangu satelaiti zianze kuipima 1993, na juu ya mwamba kila sentimita inayoongezeka ni wimbi kubwa kidogo linaloruhusiwa kuingia, labda matumbawe yakue kwa kasi hiyohiyo. Matumbawe yanayokufa kwa joto hayakui.

Ukuta sasa. Hili ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Modeli ilisema, kama ilisema, kwamba tuta litarudi nyuma. Haikusema jengeni ukuta. Hayo ni mawazo ya mtu, na kati ya mambo hayo mawili kuna pengo kubwa. Wimbi likigonga ukuta hurudi na nguvu zake, likachimba mchanga ulio mbele. Ncha za ukuta ndizo hatari zaidi kwenu: maji huzunguka na kumla jirani. Mchanga uliofungiwa nyuma ya ukuta wa mwekezaji ni mchanga ambao ufukwe wenu hautaupata siku ya dhoruba, kwa sababu tuta likiliwa humwaga akiba yake mbele, na akiba hiyo huyapunguza mawimbi yanayofuata. Yote haya yanaweza kuhesabiwa, lakini kwa modeli ya eneo, yenye urefu na upana. Kama alitumia mstari mmoja kutoka baharini hadi tutani, hakuweza kuliona shamba la jirani hata kidogo. Muulizeni: umeukimbiza ukuta wenyewe ndani ya modeli? Ncha zake zimefanya nini kwetu? Kazi kama hiyo inahitaji tathmini ya athari za mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar ya 2015, na ZEMA, mamlaka ya usimamizi wa mazingira ya Zanzibar, ndio wa kuulizwa. Majibu ya maswali haya yaandikwe humo, yasiishie kwenye ramani za ukutani.

Kuna jambo mnaloweza kulifanya wenyewe kabla ya kusi. Tafuteni miti miwili iliyonyooka ya mita moja na nusu, iwekewe alama kila sentimita 2. Mmoja asimame na mti juu ya tuta, mwenzake hatua mbili mbele kuelekea baharini. Wa nyuma anatazama upeo wa bahari juu ya kichwa cha mti ulio chini zaidi na kusoma tofauti ya kimo kwenye mti mwingine. Pimeni umbali kwa kamba, andikeni, sogeeni, mpaka majini. Njia hii aliieleza Emery mwaka 1961, na bado inafundishwa kwa sababu haiharibiki wala haihitaji betri. Fanyeni mistari mitatu, kila mmoja ukianzia kwenye mnazi au jiwe lenye alama, siku ya maji mafu kabla ya bamvua kubwa na siku ya maji mafu baada yake. Andikeni pia saa ambayo maji yalifika juu kabisa na yaligusa wapi.

Vipimo hivyo ndivyo hakimu wa modeli. Mpeni mtaalamu vya kabla, vya baada mbaki navyo. Aikimbize bamvua hiyohiyo, kwa maji ya siku hizo yanayopanda na kushuka na mawimbi ya siku hizo, kisha mlinganishe alichotabiri na mlichopima. Kigezo chepesi: je, modeli imekosea kidogo kuliko mtu ambaye angesema tu "hakuna kitakachobadilika"? Ikiwa imeshindwa na mtu huyo, mita 6 zake hazina kazi kwenye kikao. Ikiwa imemshinda vizuri, nami nitakuwa upande wake, na mazungumzo yahamie kwenye umbali wa kujenga na upandaji wa mimea ya tuta kabla ya saruji. Mkihitaji mtu wa kuzisoma hesabu pamoja nanyi, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hapahapa Unguja. Na mtaalamu akisema hana muda wa mkimbio mwingine, mjue kwamba XBeach ya mstari mmoja huisha kwa saa chache kwenye kompyuta mpakato ya kawaida.